Kupiga kambi kwa mtumbwi kutoka Minnesota mpaka Quetico: vibali unavyohitaji na uanzie wapi

Watu wakinipigia kuuliza habari za kwenda kupiga kambi na mtumbwi kule Boundary Waters halafu wavuke mpaka Quetico upande wa Kanada, swali huwa linaanzia mwisho, nabuku wapi, nalipa ngapi, mtumbwi nakodi kwa nani. Mimi nawajibu ngoja kwanza, toa pasipoti na grini kadi weka mezani tusome tarehe. Kibali cha kulala porini ni dola chache, ukikosa mwaka huu utapata mwakani, lakini kuvuka boda na makaratasi yenye shida hilo ni jambo jingine kabisa, unaweza kupoteza maisha uliyoyajenga hapa kwa miaka.

Binamu yangu tuliendesha naye masaa matano kutoka Minneapolis, mitumbwi miwili juu ya gari, chakula cha siku sita, tukafika bodani akatoa grini kadi na leseni ya kuendeshea. Pasipoti yake ya Kenya ilikuwa kwenye droo nyumbani Brooklyn Park. Miaka ya nyuma alishavuka kwa kadi tu, kwa hiyo hakuona sababu ya kubeba pasipoti, ila kuanzia tarehe 26 Aprili 2022 Kanada inataka mtu mwenye grini kadi aoneshe vyote viwili, kadi na pasipoti ya nchi yake ambayo bado iko hai. Tuligeuza gari. Watoto walilia mpaka Duluth. Ndiyo maana naandika hii yote kwa kirefu.

Kwanza uelewe sehemu yenyewe. Boundary Waters ni pori la zaidi ya ekari milioni moja kaskazini mashariki mwa Minnesota, linasimamiwa na U.S. Forest Service, idara ya misitu ya Marekani, chini ya Superior National Forest, maziwa zaidi ya elfu moja yameunganishwa na mito na vijia vya kubebea mitumbwi. Ng'ambo ya mpaka kuna Quetico, hifadhi ya jimbo la Ontario, nayo inazidi ekari milioni. Ukiangalia kwenye ramani ni maji yaleyale na misitu ileile, ila ni serikali mbili, hifadhi mbili, vibali viwili, leseni mbili za kuvulia samaki. Na mpaka hauna uzio, unapita katikati ya ziwa. Kuna kijia kinaitwa Height of Land Portage kati ya North Lake na South Lake, pale pembeni utaona alama ya mpaka ya chuma imesimama kwenye majani, niliweka mtumbwi chini nikaishika, baridi kama maji ya asubuhi, hakuna askari, hakuna geti, ni mbu na ndege tu. Ukimya huo ndio unaowadanganya watu wafikiri sheria haipo.

Sheria ipo, tena ya zamani. Mkataba wa Webster-Ashburton wa mwaka 1842 kati ya Marekani na Uingereza ulisema njia za maji na vijia vya kawaida vya kubebea mizigo kwenye mpaka huu, kutoka Lake Superior mpaka Lake of the Woods, viwe wazi kwa watu wa nchi zote mbili. Kwa hiyo ukiwa unapiga kasia kufuata mstari wa mpaka na mtumbwi wako ukaingia kidogo upande wa Kanada kwa sababu ya upepo au mawe, hapo hujavunja kitu, ilimradi hushuki, hutii nanga, hufungi mtumbwi kule na wala husogei kushikana na chombo kingine. Ukiweka hema upande wa Kanada, au ukatia mguu kule kupika chai tu, umeingia Kanada na unatakiwa uwe umeripoti.

Sasa tuangalie makaratasi kulingana na hali ya mtu, maana jamii yetu hapa tuko mchanganyiko.

Kama una uraia wa Marekani, beba pasipoti basi, wewe ndiye mwenye kazi ndogo. Watoto chini ya miaka 16 waliozaliwa hapa wanaweza kurudi Marekani kwa njia ya nchi kavu au maji na cheti cha kuzaliwa, ila mimi wa kwangu nawabebea pasipoti kila safari, sitaki mjadala na mtu yeyote nikiwa na mtoto amelowa. Na kama mzazi mmoja ndiye anasafiri na watoto, chukua barua ya mzazi mwenzio inayoruhusu, yenye sahihi na namba yake ya simu, Kanada wanaiulizia hiyo.

Mwenye grini kadi nimeshasema, kadi na pasipoti, hahitaji viza ya Kanada. Ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi, Wakongomani wengi wako hivi, pasipoti hawana na wala hawatakiwi kwenda kuiomba ubalozini bila kuongea na wakili. Kama ameshapata grini kadi anaweza kutumia hati ya kusafiria ya mkimbizi, inaombwa kwa fomu I-131, ila inakaa muda mrefu kutoka na inadumu mwaka mmoja tu, kwa hiyo safari ya Agosti hati yake uanze kuishughulikia mwaka unaotangulia. Kama grini kadi bado, hapo inaingia habari ya viza ya Kanada juu yake.

Mwanafunzi au mfanyakazi mwenye viza ya Marekani na pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, wewe unahitaji viza ya kutembelea Kanada kabla ya kitu kingine chochote, viza ya Marekani haikuingizi kule. Ukishaipata, kama ni mwanafunzi nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni wakusainie I-20, ile fomu yako ya mwanafunzi, kwa safari, halafu waulize wazi kama ukirudi viza yako ya Marekani itakuwa bado hai. Ukiwa na wasiwasi wowote baki upande wa Minnesota, pori ni lilelile.

Na kwa yule ambaye kesi yake ya hifadhi ya kisiasa bado haijaamuliwa, nakuomba kama ndugu yako usivuke. Ukitoka Marekani bila ruhusa maalumu ya kusafiri unahesabiwa umeiacha kesi yako. Na mpaka huu unavyopita katikati ya maji, chagua njia za ndani mbali na mstari, maziwa kama Lake One, Lake Two, Sawbill, Brule, huko unalala wiki nzima bila hata kuiona Kanada. Ni kuzuri sana na roho inatulia.

Kitu kingine ambacho watu hawapendi kuulizwa ni kesi ya kuendesha gari umelewa. Kanada inaichukulia kama kosa zito, hata kama hapa ulilipa faini ukamaliza, wanaweza kukukatalia mlangoni. Kama kiongozi wa safari waulize watu wako mapema, mmoja mmoja, pembeni, si mbele ya wote, maana ukigundua bodani kundi zima limekwama.

Haya, kuvuka kwenyewe. Kwa miaka mingi wapiga kasia walikuwa wanatumia kibali kinaitwa RABC, cha kuvuka mpaka sehemu za mbali, unaomba kwa idara ya mipaka ya Kanada, CBSA, kinadumu mwaka mmoja, unaingia Quetico kwa mtumbwi moja kwa moja bila kupita kituo cha boda. Kilikuwa cha raia na wakazi wa kudumu wa Marekani na Kanada tu, mwenye viza ya masomo hakuwa nacho. CBSA ilisimamisha maombi mapya mwaka 2024 ikaanza kuupitia upya mpango wote, halafu ikatangaza kwamba vibali hivyo mwisho wake ni 13 Septemba 2026, na kuanzia tarehe 14 unaripoti kwa kwenda mwenyewe kituoni au kupiga simu ukiwa kwenye sehemu maalumu zilizotengwa kwa kuripoti. Kwa hiyo ukikuta maelezo ya zamani yanakwambia tuma fomu ya RABC kwa posta usubiri wiki kadhaa, achana nayo, ingia kwenye tovuti ya CBSA usome utaratibu wa mwezi unaosafiri na orodha ya sehemu za kuripotia, kisha uiprinti ubebe.

Ushauri wangu kwa mtu yeyote asiye raia ni mmoja, na nimeusema mpaka watoto wangu wanaumaliza wenyewe: vuka kwa gari, usivuke kwa mtumbwi. Panda mpaka International Falls, vuka daraja kuingia Fort Frances, ongea na afisa uso kwa uso, upate rekodi yako, halafu endelea na barabara mpaka Atikokan na uingie Quetico kwa upande wa kaskazini, pale French Lake kuna Dawson Trail ambako unaweza kuanzia kupiga kasia. Au vukia Pigeon River upitie Thunder Bay. Ni mbali zaidi, mafuta yanaongezeka, kweli, lakini umeingia kwa mlango na utatoka kwa mlango na mtu akikuuliza baada ya miaka mitano kwenye intavyuu ya uraia ulitoka lini ukarudi lini una jibu la kueleweka.

Makaratasi yakishakaa sawa ndiyo tunakuja kwenye vibali vya pori, na hapa naanza na Boundary Waters kwa sababu wengi mtaanzia huko hata kama mnaenda Quetico.

Kibali cha kulala kinahitajika mwaka mzima, ila kuanzia 1 Mei mpaka 30 Septemba kuna idadi maalumu ya makundi yanayoruhusiwa kuingia kila siku kwa kila mlango, yaani kila sehemu rasmi ya kuingilia porini. Kibali chako kinasema mlango gani na tarehe gani, si zaidi. Ukibuku Moose Lake tarehe 10 Julai huwezi kuingilia Fall Lake tarehe 11. Ukishaingia unazunguka unavyotaka na unalala sehemu yoyote ya kambi iliyo wazi, anayefika kwanza ndiye anachukua, ila ukishatoka kibali kimekwisha. Kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4, na hiyo ni wakati wote, mkikutana na marafiki zenu kumi njiani hamruhusiwi kukaa kambi moja mle pamoja.

Unabuku kwenye Recreation.gov. Inafunguliwa Jumatano ya mwisho ya Januari saa tatu asubuhi saa za hapa Minnesota, na milango maarufu ya Julai na Agosti huwa inaisha haraka mno, kwa hiyo akaunti uwe umeshaifungua, kadi ya benki imeshaingizwa, na uwe na milango mitatu kichwani na si mmoja. Ada ya kubuku ni dola 6 hairudi, halafu dola 16 kwa mtu mzima kwa safari nzima, si kwa usiku, na dola 8 kwa walio chini ya miaka 18. Familia ya watu watano wiki nzima kwa pesa hiyo, sijui mahali pengine pa kupata raha kama hiyo.

Hapa wengi wanaanguka: jina la kiongozi. Kibali anapewa kiongozi aliyeandikwa, au kiongozi mbadala aliyeandikwa siku ileile ya kubuku, mwenye kitambulisho chenye picha. Huwezi kuongeza jina la mbadala baadaye. Kwa hiyo siku ya kubuku andika watu wawili watatu unaowaamini kwamba wataenda kweli, maana ukiugua wewe peke yako na hukuandika mtu, kibali hakihamishiki kwa shemeji yako hata umwandikie barua. Kukichukua unaenda ofisi ya Forest Service, ile ya Ely au ya Grand Marais kwa mfano, au kwa wakodishaji mitumbwi wanaoruhusiwa kutoa, siku ya kuingia au siku moja kabla. Wanakuonyesha video fupi kuhusu dubu, moto na kinyesi, na afisa anakuuliza maswali, msikilizeni vizuri hata kama ni mara yenu ya tano. Makopo na chupa za glasi haziruhusiwi mle ndani, maharage ya kopo hamishia kwenye chombo cha plastiki. Mimi nabeba unga wa ugali, dagaa waliokaushwa, njugu, chapati za siku mbili za kwanza na kahawa, mzigo unakuwa mwepesi na hakuna takataka.

Mwepesi ni muhimu, niamini. Vijia vya kubebea mitumbwi vinapimwa kwa rodi, rodi moja ni karibu mita tano, sawa na urefu wa mtumbwi mmoja, na rodi 320 zinafanya maili. Ramani ikikuandikia 80 unaona kidogo, lakini ukiwa na mtumbwi wa kilo ishirini kichwani, mbu kwenye shingo na matope mpaka kwenye goti utazihesabu.

Kama unapitia Boundary Waters mchana tu kuelekea Quetico bila kulala, jaza kibali cha bure cha matumizi ya mchana, unakijaza mwenyewe kwenye kisanduku pale mnapoingilia, nakala moja unatumbukiza na nyingine unabaki nayo. Lakini usiku wowote utakaolala upande wa Minnesota unataka kibali cha kulala, na watu wanajisahau hapa, wanafika Prairie Portage jioni upepo umewachelewesha, wanalala upande wa Marekani na kibali cha Quetico mkononi, hicho hakiwasaidii.

Quetico sasa. Wale wanabuku kwa Ontario Parks, miezi mitano kabla ya siku ya kuingia, kwa hiyo safari ya 15 Julai unakaa kwenye kompyuta 15 Februari. Nao wana idadi ya makundi kwa siku kwa kila mlango, na kundi pia mwisho watu 9. Tofauti kubwa ni malipo, huku unalipa kwa kila mtu kwa kila usiku, kwa hiyo piga hesabu kabla hujaahidi watoto siku kumi. Kutoka Minnesota milango inayotumika sana ni Prairie Portage, unafika kwa kupitia Moose Lake na Sucker Lake mpaka Basswood, na Cache Bay ambayo unaifikia kupitia Saganaga mwisho wa barabara ya Gunflint Trail. Vituo hivyo viwili hakuna gari linalofika, ni maji tu. Na tafadhali, kibali cha Quetico si ruhusa ya kuingia Kanada, renja wa hifadhi si afisa wa boda, hivi ni vitu viwili na lazima uwe navyo vyote.

Usitegemee kambi za Quetico ziko kama za Minnesota. Upande wa Minnesota kila kambi ina chuma cha kuwekea moto na choo cha shimo huko nyuma msituni, Quetico hakuna, unachimba mwenyewe mbali na maji. Makopo na chupa nako marufuku.

Uvuvi una leseni zake. Minnesota unahitaji leseni ya jimbo ukiwa na miaka 16 na kuendelea. Ontario unahitaji kadi ya Outdoors Card pamoja na leseni ya uvuvi, inapatikana onlaini, nunua kabla hujaingia porini. Ndani ya Quetico unatumia chambo bandia tu na ndoano zisizo na kinundu, kile kijino kinachomzuia samaki kuchomoka, kama zako zina kinundu kibane na koleo kabla ya kuondoka nyumbani. Chambo hai usivuke nacho kuingia Ontario. Na kwenye maji ya mpaka angalia uko upande gani, leseni ya Minnesota inafanya kazi mpaka kwenye mstari.

Vitu vya kuacha nyumbani: kuni, msivuke na kuni maana zinabeba wadudu wanaoua misitu, na bunduki. Dawa ya kupulizia dubu inaruhusiwa kuingia Kanada ikiwa imeandikwa wazi kwamba ni ya wanyama, ile ndogo ya kujikinga na watu hairuhusiwi, itoe kwenye mkoba wa mama na kwenye funguo za gari. Chakula chote taja ukiulizwa, hata dagaa, hata zile sambusa za njiani. Mtumbwi wa kununua mwenyewe wenye urefu zaidi ya futi 10 unataka usajili wa Minnesota, wa kukodi mwenye nao ameshalipia. Jaketi la kuokolea kila mtu na lake, mtoto chini ya miaka 10 analivaa muda wote akiwa kwenye maji, na mimi nasema hata sisi watu wazima tuvae, maziwa haya yana baridi mpaka Juni na wengi wetu hatukukulia kwenye kuogelea.

Hizi karatasi zote, pasipoti, kadi, vibali, leseni, ziweke kwenye mfuko mmoja usiopitisha maji, uufunge kwa kamba ndani ya begi ambalo limefungwa kwenye mtumbwi, si kwenye mfuko wa suruali. Piga picha za kila karatasi umwachie mtu mjini pamoja na tarehe ya kurudi. Mke wangu ndiye anabaki na zetu akiwa hakuja, na anajua siku ya ngapi apige simu kwa nani.

Kurudi Marekani nako kunaripotiwa, kama ulitia mguu Kanada. Ukivuka kwa gari unapita kituoni kama kawaida. Ukirudi kwa mtumbwi unaripoti kwa CBP, idara ya mipaka ya Marekani, wana programu ya simu inaitwa CBP ROAM, ipakue na ufungue akaunti ukiwa nyumbani kwenye waifai, ingiza taarifa za kila mtu wa kundi, kwa sababu mle ndani mtandao wa simu haupo sehemu nyingi. Ukitoka tu kwenye maji na simu ikashika mtandao, tuma ripoti kabla ya kwenda kula, na ukae karibu na simu, afisa anaweza kukupigia kwa video akitaka kuona nyuso na pasipoti. Usianze kuendesha kurudi Minneapolis mpaka jibu limekuja.